Kamera Tatu na Daraja la Msuluwe

Nilimwambia mwenye duka kwamba nataka kamera ya video itakayomwonyesha mtu kitu ambacho hakipo.

Aliniangalia viatu kwanza. Vilikuwa na udongo mwekundu wa kwetu Kilundwe, maana nilikuwa nateremka mlima tangu alfajiri. Duka lake liko Morogoro mjini, uchochoro wa pili nyuma ya soko, limejaa redio, pasi, spika na vitu vilivyotumiwa na Wazungu vikachoka ndipo vikaletwa kwetu. Anaitwa Abdulswamad. Zamani alikuwa anapiga video za harusi, mpaka kila mwalikwa alipoanza kuja na simu yake, akaona bora auze kamera kuliko kuzibeba.

"Kitu ambacho hakipo," akarudia. "Mzee wangu, hicho hata macho hayakioni."

"Ni daraja. Wao wanasema lipo. Mimi nataka waone kwamba halipo."

Hapo akavuta kigoda akaniambia nikae.

Nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Kitongoji chetu kiko ng'ambo ya mto Msuluwe, na njia ya kuteremkia hospitali iko upande wa pili. Miaka minne iliyopita walikuja watu na saruji, wakasimamisha nguzo mbili za zege mle majini, ndefu kuliko mtu, nondo zimechomoza juu. Wakaondoka. Kabla ya kuondoka walisimika kibao ukingoni: Daraja la Watembea kwa Miguu Msuluwe, Limekamilika, na tarehe na namba ya mradi chini yake. Kibao ndicho walichokimaliza.

Masika ya mwaka jana mke wangu Mwanahawa alishikwa na tumbo. Tukambeba kwenye machela wanaume sita. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa, yanapita na miti. Tukamlaza ukingoni tukasubiri yapungue. Yalipungua saa kumi jioni. Yeye alikuwa ametuacha saa tisa, kichwa chake kimeegemea mguu wa kile kibao.

Sasa binti yetu Shamimu ni mjamzito, na siku zake zinaangukia masika haya yanayokuja. Mumewe yuko mashamba ya miwa, anarudi mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo nani atahangaika na daraja kama si mimi?

"Ofisini umekwenda?" Abdulswamad akauliza.

Nimekwenda mpaka mlinzi ananisalimia kwa jina. Jina la ofisi siliandiki, nisije nikaambiwa nimewatukana watu. Kuna kijana pale anaitwa Severin, ametoka mkoa mwingine, ana adabu zake, shikamoo haimpiti. Lakini faili lake linasema daraja limekamilika, na faili kwa watu hawa lina nguvu kuliko mtu mzima aliyesimama mbele yao analia. Nilimpelekea picha niliyopiga na simu ya Shamimu. Akaigeuza huku, akaigeuza huku. Akasema, "Mzee, mimi hapa naona maziwa."

Ulikuwa ukungu. Kwetu ukungu unakaa bondeni karibu kila siku.

Akaniambia nilete video, si picha, na iwe moja isiyokatwa: ianze kwenye kibao, maandishi yasomeke, iende kwenye nguzo, ifike ng'ambo, mtu asije akasema nimeunganisha mito miwili. Na iwe safi. Aliitaja hiyo safi mara tatu. Nikarudi nyumbani, nikauza mdalasini wote na mbuzi mmoja.

Abdulswamad akapanga kamera tatu juu ya meza ya kioo.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi, na juu ya boksi namba kubwa kama namba ya basi. Nikaigusa hiyo. Akanipiga mkono kidogo, kama mtoto anayetaka kushika jiko.

"Wengi wananunua namba," akasema. "Namba ni ya boksi, mzee. Kamera ni hiki kioo cha mbele na kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga. Ona kioo cha hii. Ni dirisha la choo. Waandike namba wanayotaka, mwanga unaopita ni ule ule wa chooni."

"Lakini wameandika inavuta mbali."

"Kuvuta kuko kwa namna mbili. Kuna kioo kusogea kweli, na kuna picha kusukumwa kama chapati. Hii inasukuma chapati. Ukivuta mbali inakuwa kubwa, nyembamba, ina matundu."

Ya pili ilikuwa imetumika, rangi imebabuka pembeni. Alisema ilikuwa ya ustadhi mmoja aliyekuwa anarekodi mawaidha. "Mchana wa jua inaona vizuri tu. Kukiwa na kiza kidogo inakuwa kikongwe. Ila ina masikio. Mtu akimeza mate safu ya mwisho utamsikia."

Ya tatu ilikuwa nzito kama tofali, nayo imetumika, na kioo chake kipana kama mdomo wa bilauri. "Hii inakunywa mwanga hata ukiwa tone moja. Inachoona, inakihifadhi ndani yake yenyewe, haina kadi. Lakini usinisikilize mimi, mimi nauza. Twende uani ukaone mwenyewe."

Uani kwake mlima unaonekana wote. Ilikuwa alasiri, wingu limekalia mabega ya Uluguru. Akazielekeza zote tatu mahali pamoja, moja baada ya nyingine, pale njia ya miguu inapokatiza kati ya migomba. Ya kwanza ilionyesha blanketi lililoloa. Ya pili ilionyesha migomba na njia, lakini chini ya miti kulikuwa masizi matupu. Ya tatu alipoivuta, nikaona jani moja moja, na jani lililochanika nikaliona limechanika.

"Yule mama," Abdulswamad akasema, jicho kwenye kioo kidogo cha pembeni, "beseni litamdondoka."

Nikatazama. Mwanamke alikuwa anateremka na beseni kichwani, limeinamia kushoto. Sura haikuonekana, kulikuwa mbali mno. Mwanahawa alikuwa anabeba hivyo hivyo. Alianguka mnazini akiwa mtoto na shingo yake haikurudi sawa, kwa hiyo mzigo wake wowote uliinamia kushoto, na kwa miaka thelathini nilimwambia beseni litakudondoka, wala halikudondoka hata siku moja.

Nikajiambia wanawake wanaobeba beseni limeinama wako wengi mlimani.

"Nachukua hii," nikasema.

Siku ya tatu, mapema asubuhi, nikateremka mtoni. Shamimu hakunifuata. Tangu mama yake afe pale hataki kukaribia, na hata kamera hakutaka kuitazama, alisema itamwonyesha ule ukingo. Alinifungia muhogo wa kuchemsha kwenye jani akasema, "Baba, usikae sana kwenye umande."

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Mto ulikuwa mdogo bado, wa kiangazi, mtu anavuka kwa kurukia mawe chini kidogo ya nguzo. Nikaiweka kamera juu ya kisiki, hatua kama thelathini kutoka kwenye kibao. Nikabonyeza pale Abdulswamad aliponionyesha. Nikaanza na kibao. Kwa macho yangu nilikuwa naona ubao mweupe tu, lakini kwenye kioo cha kamera maandishi yote yalisomeka, mpaka tarehe, mpaka kinyesi cha ndege juu ya neno Limekamilika. Nikafurahi peke yangu. Nikaisogeza polepole kwenye nguzo ya kwanza.

Ndipo mtu alipotokea ng'ambo.

Alikuwa na beseni limeinamia kushoto, amejifunga kanga ya kijani yenye mananasi. Hiyo kanga naijua, niliinunua mwenyewe. Na sikushtuka, na sababu ya kutoshtuka ni hii.

Kwetu mtu akifa, watani wa ukoo wake ndio wanaoupoza msiba. Siku ya arobaini ya Mwanahawa, mtani wake Shadia aliivaa kanga ile ya mananasi, akatwika beseni kichwani likainama kushoto, akaingia uwanjani akiburuza ndala kama marehemu, akanifokea kwa sauti yake: "Mosi, chumvi nilikutuma jana, umeifuata Zanzibar?" Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nilianza na kulia nikaishia kucheka. Kisha Shadia akaondoka na kanga, maana ni haki ya mtani, na tangu siku ile akinikuta njiani ananiigizia mke wangu ili nisizame kwenye majonzi.

Kwa hiyo nilipoiona kanga nilisema moyoni, Shadia huyo. Nikamtukana inavyopasa.

"We Shadia, mwizi wa nguo za marehemu," nikapaza sauti. "Teleza basi maji yakubebe, kijiji kipumue."

Hakujibu.

Nikaongeza la mama yake. Mtani akitukanwa mama yake hawezi kunyamaza, ni kama kumwagia maji moto. Hakujibu. Aliendelea tu kuvuka, taratibu, beseni limeinama. Nikasema labda mto unampigia kelele hasikii.

Nikainua kichwa nimwone kwa macho yangu. Ukungu mtupu. Nguzo zenyewe nilikuwa nazibahatisha. Nikarudisha jicho kwenye kioo, yupo, kanga inapepea miguuni. Nikamsifu Abdulswamad, kweli hakunidanganya, kamera hii inaona kuliko mimi.

Katikati ya mto akasimama kidogo, akageuka upande wangu. Kisha akaendelea mpaka kwenye kibao, akatoka nje ya picha. Nikaipeleka kamera ng'ambo kama nilivyoelekezwa, nikamaliza, nikazima. Halafu nikamsubiri Shadia apande njia, maana njia kutoka pale ni moja na mimi nilikuwa nimekaa juu yake.

Nilimsubiri mpaka nikamaliza muhogo. Hakupita mtu.

Kesho yake nilikuwa ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Severin akaichukua kamera kwa mikono miwili, akaiunganisha kwa waya na televisheni kubwa ya ukutani, ile wanayotazamia mikutano yao. Nilikaa mbele kabisa.

"Eh, mzee," akasema. "Hii ni safi, kama nimeingia mtoni na suti yangu." Akasoma kibao kwa sauti. Akaandika tarehe. Nguzo ya kwanza ikaja, kubwa, zege lake lina ukoga, nondo zina kutu, na kutu tunaiona. Nikajiweka sawa kitini. Nikasema, leo mtameza faili lenu.

Kisha akatokea yule mwanamke.

Kwenye kioo kidogo cha kamera alikuwa mdogo kama kidole, na mimi nilikuwa nimemwona anavuka tu. Kwenye ukuta alikuwa mkubwa kama mtoto wa miaka kumi, na niliona anavukia wapi. Hakuwa kwenye mawe. Miguu yake ilikuwa sawasawa na vichwa vya nguzo, pale nondo zinapochomoza. Maji yalikuwa chini yake, mbali. Alikuwa anaweka ndala moja, anaweka nyingine, bila haraka, kama mtu anayepita kwenye mbao alizozizoea. Kutoka nguzo hadi nguzo. Chini ya ndala hapakuwa na kitu ila ukungu.

Katikati akasimama, akageuka, akatazama kamera.

Ndewe ya sikio la kulia ilikuwa imechanika. Mwanahawa hereni ilimchana ndewe mwaka ule tulipomzaa Shamimu. Sikuhitaji kuona kingine, lakini kamera ile ilinionyesha kila kitu. Alama ya ndui. Jino. Jinsi anavyokunja paji la uso akiwa amenituma kitu na nimechelewa.

"Anakuangalia wewe," Severin akasema akitabasamu. "Mnafahamiana?"

Midomo yangu ikasema, "Ni jirani."

"Basi mzee, si unaona mwenyewe? Mtu anavuka."

"Mbao ziko wapi? Nionyeshe ubao mmoja."

"Mbao zimefichwa na ukungu. Lakini mtu havuki hewani." Alikuwa ametulia sasa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamwita mkubwa wake chumba cha pili. Mkubwa akaja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni, akatazama mke wangu akivuka. Akacheka kidogo kwa puani.

"Wananchi bwana," akasema. "Daraja wanalipita na mabeseni, halafu wanateremka mlima kuja kulalamika daraja hakuna." Akarudi kwenye chai yake.

Severin akaandika kwenye faili, nikiangalia: Daraja linatumika.

Ningesema nini? Kwamba yule ni marehemu? Kwamba nilimzika kwa mikono hii, na masika yaliyomwua ndiyo hao waliyoyaacha yamwue? Faili lao lina mahali pa tarehe, mahali pa sahihi na mahali pa muhuri. Pa kuandika hilo hapana.

Nilipofika Kilundwe nilipitia kwanza kwa Shadia. Nilimkuta uani anatua mizigo, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mgane huyo," akasema aliponiona. "Umekauka kama kuni ya jirani. Hata wachawi wakikuchukua watakurudisha wadai nyama."

"Umetoka wapi?"

"Kisaki, kwa mwanangu. Wiki mbili. Treni ilituweka stesheni mpaka nikaota mizizi. Kwani umenimisi?"

"Kanga ya Mwanahawa iko wapi?"

Akachekea pembeni, akafungua furushi, akaitoa. Ilikuwa imekunjwa, inanuka mkojo wa mtoto. Alikuwa anamfunikia mjukuu wake huko Kisaki.

Nikakaa chini bila kukaribishwa. Nikamwambia juzi asubuhi nilimwona mtoni akivuka na kanga ile, nikamtukana.

"Ukanitukana?"

"Nikakutukana. Na mama yako."

"Nikajibu nini?"

"Hukujibu."

Shadia aliacha kufungua furushi. Utani ukamwishia hapo. Akaikunja kanga tena, polepole, akaiweka mapajani mwangu.

"Basi sikuwa mimi, Mosi," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu kwa sauti yake mwenyewe.

Sikumwambia Shamimu. Ningemwambiaje mtu anayehesabu wiki? Lakini kila siku baada ya kurudi shambani nilikwenda nyuma ya nyumba na kamera, nikamtazama mama yake akivuka. Nilitembea mpaka kwa Dominiko mwenye sola kuchaji betri, nikamdanganya narekodi nyuki. Nilikuwa nasimamisha picha pale anapogeuka. Mwaka mzima nilikuwa nimeanza kusahau jino lile liko upande gani, na aibu ya kusahau ilikuwa inaniuma kuliko msiba wenyewe. Sasa nilikuwa naye, safi kabisa, mpaka alama za ndui. Nikaanza kuteremka mtoni asubuhi na kamera, nayo kila asubuhi ilimwonyesha. Macho yangu hayakumwona hata mara moja. Nilikuwa naongea naye, jicho kwenye kioo. Yeye alikuwa anavuka, anasimama, anakunja paji, anavuka. Kama kuna kitu alinituma, sikukijua.

Siku moja nilirudi nikamkuta Shamimu amekaa mlangoni, mikono kiunoni, anatazama upande wa kilele cha Bondwa. Wingu lilikuwa jeusi mpaka chini.

"Mvua ya kwanza, baba," akasema. "Mtoto ameshuka. Nimewaza, maji yakijaa, msinilaze pale kwenye kibao. Nilazeni hapa hapa nyumbani."

Alisema bila kulia, kama anayeagiza chumvi.

Hapo nikajua nilichotumwa.

Asubuhi nikashuka mjini. Abdulswamad aliponiona na kamera mkononi akatayarisha ugomvi. Alisema vitu vilivyotumika havirudishwi, kuna karatasi ukutani.

"Sirudishi. Nabadilisha. Nipe ile ya ustadhi."

"Ile kikongwe?" Akaigeuza kamera yangu, akatafuta mkwaruzo. "Hii ina shida gani?"

"Haina shida. Inaona."

"Mzee wangu, tangu nianze biashara hii sijaona mtu anarudisha nzuri achukue mbovu."

"Nataka inayoona zege na kibao. Zaidi ya hapo isione."

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini hakuuliza tena, wala hakutaka nyongeza, akaichukua ile ya pili akaifuta vumbi kwa shati lake. Halafu akasema, "Vilivyomo humu ndani nikuhamishie?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa umekwisha kuinuka. Lakini nikawaza yule mkubwa na kikombe chake, na Severin anayeniuliza kama nina video nyingine, na mimi nilivyo dhaifu. Wangemtumia mke wangu kunifungia mlango mpaka mwisho.

"Nitazame kwanza," nikasema.

Nikamtazama mara moja, nimesimama pale kati ya pasi na spika. Alipogeuka sikusimamisha picha. Nilimwacha avuke mpaka akatoka.

"Futa."

Siku iliyofuata nilingoja jua. Saa nne ukungu ulinyanyuka, bonde likawa wazi, kila kitu kina kivuli chake. Nikaweka ile kamera ya ustadhi kwenye kisiki kile kile. Kabla ya kubonyeza, nilisema kwa sauti, kuelekea mtoni, "Mama Shamimu, leo nisaidie. Usionekane."

Kibao, kinasomeka. Nguzo ya kwanza, nondo. Kisha hewa, na nyuma yake mlima. Nguzo ya pili, nondo. Ng'ambo. Hapakuwa na mtu. Nilirudia macho kwenye kioo kidogo kutafuta hata kivuli, na sikukiona, na nilipozima kamera nilikaa kwenye kisiki nikaona uzee wangu wote kwa mara moja.

Ofisini Severin alinisikitikia kabla hajaniona vizuri. "Mzee, lile tulilimaliza."

"Tazama hii. Ya jua."

Akaiunganisha ukutani. Picha haikuwa kama ile ya kwanza, rangi zilikuwa zimefifia, kutu haikuonekana kutu. Lakini kibao kilisomeka, na kati ya nguzo na nguzo ulionekana mlima, kitu ambacho mtu hawezi kuona kama kuna daraja limesimama hapo. Severin akasogeza kiti. Akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Hapa hakuna kitu," akasema taratibu.

"Andika hivyo."

"Na yule mama aliyekuwa anavuka?"

"Alikuwa kwenye mawe. Ukungu ulitudanganya."

Alinitazama, akatazama ukuta. Kijana si mbaya. Ni kwamba amewekwa na wabaya. Akachukua kalamu, akakata yale maneno ya mwanzo, akaandika chini yake: Hakuna daraja, nguzo tupu. Akaweka muhuri. Akasema kwa kuwa mvua zimeanza atapeleka ombi la mbao za dharura leo leo, na mafundi watapanda Jumatatu. Jumatatu zao nazijua, nikamwambia anipe nakala yenye muhuri. Akanipa. Nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa ndani.

Video ilikuwa bado inaendelea ukutani. Yeye alitaka kunakili namba iliyo chini ya kibao, akairudisha mwanzo, safari hii akaongeza sauti, sijui kwa nini, labda aligusa tu.

Kwanza yalikuwa maji. Kisha ndege. Kisha, kamera ilipoacha kibao na kuelekea kwenye nguzo, tukasikia ndala. Zilikuwa zinagonga mbao. Ko, halafu ko, bila haraka, na mbao zinalia kidogo chini ya uzito kama mbao mpya zinavyolia.

Severin aliinua kichwa. Ukutani hapakuwa na kitu, nguzo mbili na mlima.

"Hiyo ni nini, mzee?"

"Maji," nikasema. "Yanapiga nguzo."

"Maji." Akasikiliza tena. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, haijagusa. "Punguza basi, nisome namba vizuri."

Nikanyoosha mkono nikashika kitufe. Ndala zilikuwa zimefika katikati ya mto na zilikuwa zimesimama. Nikajua amegeuka. Nikapunguza kidogo kidogo, mpaka hata ule mlio wa mbao ukaisha.